Nyumba ya Alasiri Moja

Dorca Nabwire aliolewa Seme kutoka Samia, kabila jingine, na ukiuliza habari zake pale karibu na Kombewa utajibiwa kwa mdomo wa pembeni. Mmoja atakwambia alikuwa mchawi. Mwingine atakwambia alikuwa mbishi tu, mwanamke ambaye mumewe alikufa kabla ya kumfundisha adabu. Wapuuze. Hao hao ndio ambao watoto wao aliwatoa kitandani walipokuwa wamekata tamaa ya dunia, na shukrani yao ndiyo hiyo.

Mumewe alikuwa mpakia mizigo kwenye gati la Kisumu. Alifariki mwaka ule ule wa uhuru, wenzake wakiwa bado wanaimba barabarani, akamwachia Dorca wavulana wawili, Enos na Ochieng. Akamwachia pia shemeji, Mzee Zadock, kaka mkubwa wa marehemu na mwenye kauli ya mwisho katika boma lile. Zadock alitaka kumrithi mjane, kama desturi ilivyo. Dorca akakataa katakata. Alisema yeye ameokoka, na mtu aliyeokoka hawezi kwenda kuwa mke wa tatu wa mtu. Zadock akameza mate machungu. Tangu siku hiyo hakumwita tena kwa jina. Alimwita Nyar Samia, yaani binti wa Samia, kwa sauti ya mtu anayemwita mgeni asiyejua kuaga.

Enos, mtoto wa kwanza, ndiye aliyekuwa na kichwa. Shule ya msingi alimaliza vizuri na akaitwa sekondari, lakini karo haikupatikana. Zadock alikuwa na ng'ombe zizini na kila mtu aliwaona, ila alisema ng'ombe wa mahari hawaendi shule. Basi. Kijana akakaa nyumbani muhula mzima akipiga pasi kaptura yake ya shule, akingoja muujiza. Muhula wa pili ulipoanza na wenzake wakapita barabarani na masanduku yao, akaiweka pasi chini, akamwambia mama yake anakwenda Kisumu kutafuta kazi.

Nani hakwenda Kisumu miaka ile? Wote walikwenda. Tuliwaambia someni, mkisoma mtakalia viti vya Wazungu. Wakasoma, wakaenda kutafuta viti, wakakuta mageti. Getini kwenye kiwanda cha pamba, getini kwenye reli, getini kwenye gati alikofanya kazi baba yake, kila mahali palikuwa na kibao kimoja kilichoandikwa HAKUNA KAZI, na askari mmoja mwenye rungu wa kuwasomea wasiojua kusoma. Enos alisimama kwenye mageti hayo miaka. Alilala kwa mjomba wake mtaa wa Kaloleni mpaka mke wa mjomba akachoka naye, kisha akalala mtaa wa Manyatta na vijana wenzake waliokuwa hawana mbele wala nyuma. Alirudi Seme mwaka wa sabini, amevaa viatu visivyo na soli.

Alikuwa na haki ya kujenga. Kule, kijana wa kiume akishakua hujijengea nyumba yake ndogo ndani ya boma la baba, wanaiita simba, na ndimo anamoletea mke. Lakini lazima aende mwenyewe kukata nguzo, na mkubwa wa boma asimamishe nguzo ya kwanza mbele yake. Zadock alimwita. Enos hakutoka. Alikuwa amejifungia katika nyumba ya marehemu bibi yake, amelala chali, macho kwenye nyasi za paa, na jua likamkuta hivyo na kumwacha hivyo. Uji ukipelekwa aliunywa nusu. Akiulizwa kitu alijibu "sijui". Kuoga, mpaka asukumwe.

Watu wakasema ni uvivu. Wengine wakasema ni bangi za Kisumu. Mke mkubwa wa Zadock akasema amerogwa na watu wa kwao Dorca. Jina la ugonjwa wenyewe hakuna aliyekuwa nalo. Dorca naye alimwona mvivu kwa muda, usidhani alikuwa malaika. Alimpigia kelele mlangoni. "Wewe utalala mpaka lini? Wenzako wanaoa!" Alifikiri aibu itamwinua.

Kisha ikatokea habari ya Obiero. Obiero alikuwa mtoto wa jirani, wa rika la Enos, darasa moja, mageti yale yale. Naye alikuwa amejifungia, na mama yake naye alikuwa anampigia kelele mlangoni. Asubuhi moja Obiero alioga, akavaa shati safi, mama yake akafurahi kwamba leo mtoto ameamka. Akaenda zake ziwani na hakurudi. Wavuvi ndio waliomleta. Hakuliliwa, maana mtu aliyejitoa mwenyewe hapigiwi kilio pale, alizikwa nje ya ua kama kitu cha kuficha, na mama yake alikatazwa hata kupiga yowe.

Dorca alitoka kwenye mazishi hayo mbio. Nasema mbio, mwanamke mzima, kitambaa kikamwanguka njiani na asikiokote. Alifika kwenye nyumba ya bibi, akamkuta Enos amelala vile vile, akakaa chini kwenye mavumbi akamshika mguu. Hakumpigia kelele tena. Tangu saa hiyo alijua kitu kimoja tu maishani, kwamba huyu naye yuko njiani, na akimwachilia mguu ataenda.

Lakini amshike vipi? Alifikiri siku nyingi huku akipalilia. Na ni kule kupalilia kulikompa jibu. Watu wa Seme wana kazi ya pamoja wanayoiita saga: leo mnalima kwangu nawapikia, kesho tunalima kwako unatupikia. Ni kazi ya wamama na wazee. Vijana waliosoma hawakuigusa, kwani kushika jembe ilikuwa sawa na kukiri kwamba masomo yalipotea bure, na wasichana wangewacheka mpaka basi. Dorca akaamua kuanzisha saga ya hao hao. Alizunguka boma kwa boma, akauliza kila mama: "Una mtoto aliyelala?" Na karibu kila mama alikuwa naye, ila alikuwa anamficha.

Alipata wachache mwanzoni, wavulana kwa wasichana, nyuso zimewavimba kwa usingizi. Akawapa sheria zake, na ziliwafanya wazee wacheke. Kwanza, hakuna anayelima peke yake. Mnapanga mistari sambamba, na mwenzako akibaki nyuma mnaurudia mstari wake mpaka awafikie. Pili, mnakula pamoja mliposhindia, na mnapokula mtu aseme kilichomkera. Tatu, ambaye hajatokea asubuhi haitwi kwa kelele. Kundi zima linakwenda kwao na majembe, halisemi neno, linaanza kupalilia ua wa mama yake, na linapalilia hadi mwenyewe aone haya na kutoka.

Kwa Enos walipalilia ua ule mpaka ukawa mweupe kabisa, hata kuku hawakupata cha kuchakura. Siku hiyo hakutoka. Wakarudi kesho yake, hakuna jani la kung'oa, wakaanza kuchimba mtaro wa maji ya mvua. Ndipo mlango ukafunguka, Enos akasimama pale ndevu zimemwota ovyo, akasema, "Mtaro huo unaelekea vibaya. Maji yataingia jikoni." Msichana mmoja aitwaye Aoko, mchokozi sana, akamtupia jembe. "Basi njoo uunyooshe, mwalimu."

Akaunyoosha. Dorca alikuwa jikoni anakoroga ugali, akasikia sauti ya mtoto wake anabishana na watu kuhusu mtaro, akaacha mwiko ndani ya sufuria, ugali ukaungua wote. Waliula hivyo hivyo umeungua.

Haikuwa rahisi, asikudanganye mtu. Kulikuwa na wiki ambazo Enos alirudi kitandani, na kundi likarudi na majembe yake. Lakini zile wiki zilizidi kuwa chache. Alianza kunyoa ndevu. Alianza kumtania Aoko. Kundi likaongezeka, likalima pamba za watu, likachimba vyoo vya kanisa, na hatimaye mwaka wa sabini na tatu likapata kazi ya kufyatua matofali kule Kisian kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anajenga maduka barabarani. Wamama waliokuwa wanacheka wakaacha kucheka. Mpaka Zadock akaanza kusema mbele za watu kwamba kundi lile ni la boma lake.

Sasa tuje kwa Ochieng, maana kwake ndipo balaa lilipoanzia, ingawa naye simlaumu sana. Ochieng hakuwa na kichwa cha shule wala hakujali. Aliingia kibarua katika kiwanda cha sukari upande wa pili wa mji, akapanda cheo kidogo, akavaa vizuri, akampa mimba msichana mzuri aitwaye Rosa. Wazazi wa Rosa hawakutaka maneno mengi. Walisema binti yao aingie kwenye nyumba ya mume kabla ya kujifungua, la sivyo watamrudisha kwao na Ochieng asionekane tena. Ochieng akaja mbio Seme kutaka kujenga simba.

Hakuweza. Mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Akimruka kaka yake, chira itawaingia, ile laana ya mwiko inayokausha watoto, na hakuna mzazi wa msichana atakayekubali binti aingie nyumba ya namna hiyo. Enos alikuwa hajajenga. Zadock akamwita, na safari hii Enos alikuja, akaketi vizuri, akasema, "Baba mkubwa, nipe muda kidogo tu. Nikimaliza matofali ya Kisian narudi kukata nguzo zangu mwenyewe." Akaondoka na wenzake kwenda Kisian.

Muda kidogo! Kwa mtu aliyewahi kulala miaka? Zadock hakumwamini. Tumbo la Rosa lilikuwa linaonekana. Alasiri moja akaja kwa Dorca na wanaume wawili wenye mapanga, Ochieng nyuma yao.

"Nyar Samia," akasema, "tumeamua kumfungulia mdogo njia. Tutamjengea mkubwa nyumba."

"Enos hayupo."

"Hahitaji kuwepo."

Dorca akaelewa. Alikuwa ameiona nyumba ya aina hiyo. Mdogo wa mumewe alipozama ziwani kabla ya kujenga, walimjengea kibanda alasiri moja, miti mibichi na nyasi juu, bila kukandika udongo, bila mlango, wakaingiza maiti mle kidogo ili aonekane naye alikuwa na nyumba, kisha wakamzika. Ndivyo wanavyofanya ili wadogo wa marehemu wasifungiwe njia. Ni desturi nzuri kwa maiti.

"Shemeji, hiyo ni nyumba ya marehemu!"

"Na huyo ni nani?" Zadock akamjibu. "Ana mke? Ana kazi? Kufyatua udongo na wasichana ndiyo kazi? Ni miti na nyasi tu. Rosa akishaingia kwake, tunaiondoa kabla hajarudi. Hatajua."

Dorca akamtazama Ochieng. Ochieng akatazama viatu vyake. "Mama," akasema, "Rosa hawezi kungoja."

Hapo ndipo Dorca angepiga yowe. Angelala chini mbele ya mapanga, angekwenda Kisian kwa miguu, angefanya chochote. Alinyamaza. Alikuwa na watoto wawili na mmoja alikuwa amesimama mbele yake analia, akajiambia kwamba ni miti na nyasi tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Waliijenga alasiri ile ile, upande wa kulia wa geti, mahali pa mtoto wa kwanza. Kesho yake wakaanza nyumba ya Ochieng upande wa kushoto, ya haki, yenye udongo na mlango wa mbao, na Rosa akaletwa kwa nyimbo. Na Zadock, katika kula na kunywa, akasahau kuiondoa ile nyingine. Au hakusahau. Mimi nasema hakusahau.

Enos alirudi mchana, siku ambayo hawakumtarajia. Alikuja na mkokoteni wa ng'ombe alioazima, na juu yake matofali mekundu yaliyochomwa vizuri. Yalikuwa yake. Alikuwa amepatana na yule tajiri wa Kisian kwamba sehemu ya jasho lake alipwe matofali, na hakumwambia mtu ila Aoko. Alitaka simba yake iwe ya matofali, ya kwanza katika boma lile. Alitaka mama yake atoke jikoni aione.

Mama yake alitoka jikoni. Alimkuta amesimama mbele ya kibanda. Kamba ya ng'ombe ilikuwa bado mkononi mwake. Nyumba bila udongo, bila mlango, bila jivu la moto ndani: mtoto wa kule hahitaji kuelezwa hiyo ni nini. Akatazama kushoto akaona nyumba ya mdogo wake na kanga za bibi harusi zimeanikwa.

"Nilikufa lini, Mama?" akauliza. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Enos, mwanangu, ni miti tu. Walisema..."

"Ulikuwepo?"

Dorca akainamisha kichwa. Enos akaitikia kwa kichwa. Akawafungua ng'ombe ili wasiteseke na jua, kisha akainama, akaingia kwenye kile kibanda, akalala chali.

Uji aliopelekewa hakuupokea. "Mama, rudi nyumbani," alisema. "Maiti hapelekewi uji." Mchungaji alipoitwa alisema hayo ni mambo ya ndani ya boma, akaomba akiwa nje ya geti na kwenda zake. Zadock alisema mwacheni, mwenyewe amekubali nyumba yake. Mvua ikanyesha ikapita kwenye nyasi zile, na kijana hakusogea. Dorca alikaa nje amelowa, akiwaza shati safi la Obiero.

Asubuhi alikimbilia kundi lake. Walikuja wote, majembe begani, Aoko mbele. Walifika getini wakasimama. Dorca akawaita: "Njooni, si mnajua kazi! Ingieni hapa mpalilie!" Hakuna aliyeingia. Walikuwa watoto wa pale. Kugusa nyumba ya marehemu, au hata kulima ua wake, ni kuibeba chira kwenda nayo kwenu, na kila mmoja alikuwa na mama na wadogo nyumbani. Aoko alikuwa analia waziwazi, na hakuinua mguu. Vijana aliowatoa kitandani mmoja mmoja, aliowapikia ugali, aliowafundisha kwamba hakuna anayeachwa nyuma kwenye mstari wake! Walisimama getini wakatazama chini. Walikuwa wanamwogopa mtu waliyekuwa naye juzi wakifyatua matofali. Inauma. Mpaka leo inauma, na siwezi kuisema kwa utaratibu.

"Sawa," Dorca akasema. "Mimi ni wa Samia."

Akaliinua jembe lake akapiga nguzo ya kwanza. Zadock akatoka akipiga kelele kwamba mwanamke habomoi nyumba ya mwanamume, kwamba anamuua Ochieng na mke wake na mtoto wa tumboni. Wake zake wakapiga mayowe. Ochieng alitoka kwenye nyumba yake mpya kifua wazi, akamshika mama yake mkono. "Mama, nakuomba. Mama!" Dorca akauvuta mkono wake. Alipiga nguzo moja baada ya nyingine, miti mibichi ile haikutaka kukatika, akalitupa jembe akaanza kung'oa kwa mikono. Paa likaanguka upande. Jua likamfikia Enos usoni, akakunja macho.

"Mama," akasema, "unanifukua?"

"Nakufukua."

Akaendelea kung'oa. Viganja vilikuwa vinatoka damu. Enos akavitazama, kisha akaketi, kisha akainuka, akashika upande wa pili wa mti uliomshinda mama yake, wakauvuta pamoja. Hakuna mwingine aliyesogea. Walipomaliza palikuwa na nyasi na mashimo tu. Zadock akasema waondoke wote wawili kabla jua halijazama, na wasikanyage tena pale, hata kwa mazishi yake.

Matofali yaliachwa pale pale kwenye mkokoteni. Nasikia Zadock aliyatumia kwa jiko la mke wake mkubwa.

Kisumu walipokewa na Nasipwondi, mwanamke wa Bungoma mwenye vyumba vya kupangisha Manyatta, ambaye hakujua habari za chira za Seme wala hakutaka kujua. Dorca akaanza kuuza samaki katika soko la Kibuye. Kila asubuhi alimwamsha Enos waende kwenye soko la samaki, na kila asubuhi hakujua kama ataamka. Siku nyingine aliketi pembeni ya kitanda kwa muda mrefu, jua likimpotezea wateja, akingoja. Hakumpigia kelele. Mwishowe Enos aliamka, akavaa, akabeba kikapu. Hakuwa tena yule aliyekuwa anamtania Aoko, na hakuzungumza habari za kujenga wala kuoa. Lakini alikuwa anaamka.

Habari za Seme ziliwafikia kwa watu wa soko. Kundi lilivunjika. Bila Dorca kuwapikia na kuwapitia nyumbani, kila mmoja alirudi ndani akafunga mlango, na mwaka uliofuata mmoja wao alikwenda njia ya Obiero. Mtoto wa kwanza wa Rosa alizaliwa akafa. Watoto hufa kwa malaria kila mahali, lakini huyu ilisemwa alikufa kwa mikono ya bibi yake. Ochieng mwenyewe alikuja mpaka Manyatta kusema hivyo. Alisimama mlangoni, hakuketi. "Umeniulia mtoto ili umfufue mtoto wako," akasema. Dorca akamjibu, "Wewe pia ni mtoto wangu." Ochieng alikuwa ameshageuka.

Ikapita miaka mitano. Asubuhi moja ya Jumamosi, soko limejaa, Dorca alikuwa anapanga samaki wa ngege kwenye meza na Enos ameketi kwenye debe akitoa magamba. Dorca alipoinua macho alimwona Ochieng anakuja, amenenepa, suti ya kijivu, amemshika mkono binti mdogo mwenye riboni. Hakujua kwamba mama yake anauza upande ule. Alipowaona alikuwa ameshafika karibu mno.

Hakuweza kusalimia. Fikiria mwenyewe. Kama Enos yu hai, basi yeye alimruka mkubwa wake, nyumba yake imejengwa kwa mwiko, na mke na watoto wote wamo ndani ya mwiko huo. Nyumba yake haiwezi kusimama ila Enos awe amekufa. Kwa hiyo alisimama kwenye meza ya jirani, mgongo umegeuzwa kidogo, akaulizia samaki.

Lakini mtoto hageuzwi mgongo. Yule binti alikuwa anamkodolea Enos macho. "Baba," akasema kwa sauti ya kusikika, "yule mtu anafanana na wewe. Ni nani?"

Ochieng akalipa, akapokea samaki waliofungwa kwenye gazeti. "Hakuna mtu pale," akasema. "Twende."

Wakapotea kwenye umati. Dorca hakuthubutu kugeuka. Hofu ya siku ile ya mazishi ya Obiero ilimrudia, akiwaza kesho asubuhi, akiwaza kitanda, akiwaza kwamba kazi yote ya miaka mitano imekatwa kwa neno moja, na safari hii nguvu za kung'oa nguzo hana. Alisikia kisu cha Enos kimesimama. Kisha akakisikia kinaendelea, kwaru, kwaru, juu ya magamba.

"Mama," Enos akasema bila kuinua kichwa, "umemwona yule mtoto? Ana macho yako."

Dorca akavuta kanga yake akajifunika uso, akalia pale pale mbele ya wateja, na Enos akainuka akawahudumia yeye.